Wagonjwa wa Jumba Kubwa

Mama yangu hapokei simu tamthilia yake ikishaanza. Anaiona simu ikiwaka pembeni yake, anaigeuza kifudifudi juu ya kochi, kisha anaendelea kuwatazama mabwana na mabibi wa Ulaya ya zamani wakivalishwa makoti na watumishi wao. Kwa hiyo siku binamu yangu Sharifa aliponipigia kutoka Lindi akasema, "Mdogo wangu, Mama ametutoka, tumemzika jana," na mimi nikampigia mama yangu nimpe habari hiyo, simu iliita mpaka ikakatika. Nikatazama saa. Ilikuwa saa ya jumba kubwa. Nikapandwa na hasira pale pale, hata kabla sijalia.

Nikaona bora niende mwenyewe. Nilishuka kwenye basi la mwendokasi pale Gerezani, nikakata kwa miguu kuelekea Kariakoo, nikipita katikati ya watu na vipaza sauti vinavyotangaza bei za sufuria. Kwenye kona moja kuna dobi ambaye bado anatumia pasi ya mkaa. Alikuwa ananyoosha kanzu iliyotiwa wanga, na ile harufu, ya mkaa na wanga na pamba yenye unyevu, ikanifikia. Nikasimama kando ya meza yake kama mtu aliyeleta nguo. Ile ndiyo ilikuwa harufu ya Shangazi Somoe, na aliyekufa ni Shangazi Somoe, mama yake Sharifa. Pale kwenye kona ndipo nilipolia.

Shangazi Somoe alikuwa binti wa baba mdogo wa baba yangu. Aliletwa kutoka Lindi nikiwa bado sijaanza shule, baada ya kuachika, ili aje amsaidie wifi yake kidogo. Hicho kidogo kilikuwa kuamka kabla ya wote, kuwasha jiko, kumpelekea Baba chai kitandani, kuniogesha na kunivalisha, kumsuka Mama, kumpasha maji ya kuoga, kufua, kukuna nazi, kupika, kupakua, kuosha vyombo, na jioni kupiga pasi uani mpaka uso wake unang'aa jasho. Ninyi wa rika langu mnajua kwamba kwa desturi yetu wifi akija nyumbani ndiye anayepikiwa, ndiye anayeachiwa kiti, na mke wa kaka yake hukaa roho juu asije akakosea. Kwetu mambo yalikuwa kinyume, na hakuna aliyeliona hilo, maana waliendelea kuitana wifi kwa sauti tamu kabisa. Sharifa, binti yake wa pekee, alibaki Lindi kwa bibi yake.

Mikanda ya video ilitoka sokoni Mchikichini. Baba alikuwa na duka la vitambaa, na siku moja alirudi na mapazia ya mtumba na boksi la mikanda ambayo muuzaji alimuongezea bure, kwa kuwa wanunuzi wake walitaka mikanda ya ngumi. Mama akaweka mmoja kwenye deki, na tangu siku hiyo alasiri za nyumba yetu zikawa si zetu tena. Palikuwa na jumba kubwa lenye bustani, juu wanaishi wakubwa, chini wanaishi watumishi, na kila mtu ana nguo zilizonyooshwa hadi kola. Mama alipagawa. Alimwita Mama Nisha, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye mumewe alikuwa na duka la spea Gerezani. Mama Nisha alikuwa amesoma sana Kiingereza, na yeye ndiye aliyetutafsiria, maana Kiingereza cha wale watu kilitokea puani na kwenda mbio. Alikaa karibu na deki kidole kikiwa tayari kwenye kitufe. Anasimamisha, anaeleza, anaachia.

Shangazi Somoe hakutazama. Au niseme, alitazama akiwa amesimama. Alipita na sinia la chai, akasimama mlangoni mpaka mtu aagize kitu kingine. Kochi lilikuwa na nafasi, mimi mwenyewe nilikuwa nalala pale miguu ikiwa juu. Hakuna aliyemkataza kukaa. Lakini hata mara moja sikusikia mtu akimwambia kaa.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu lile jumba, na nilikuwa na hakika nayo kuliko tafsiri ya Mama Nisha. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimelazwa kwa malaria. Nililala wodini, nikaona manesi wenye aproni nyeupe na vikofia vyeupe wakimlisha mwanamke wa kitanda cha jirani, wakimuinua, wakimfunga vifungo, wakimfungulia dirisha asubuhi. Sasa kwenye televisheni nikawaona wale wale: aproni nyeupe, vikofia vyeupe, wanaingia chumbani, wanafungua mapazia, wanaweka sinia la chakula juu ya mapaja ya mtu aliyelala kitandani wakati jua limeshatoka. Mtu mzima anavalishwa viatu. Kijana mwenye nguvu zake ananyoosha mikono avikwe koti, na anayemvika ni mzee anayechechemea. Akitaka kitu, kengele. Na walivyokuwa weupe, Mungu wangu, kama hawajawahi kuona jua. Nikajua ni hospitali. Hospitali nzuri ya matajiri, na yule mwanamume mnyoofu mwenye nguo nyeusi aliyewaamrisha wote ndiye daktari mkuu. Niliwaonea huruma sana wale wagonjwa. Kilichonishangaza ni kwamba, mkanda baada ya mkanda, hakuna aliyepona.

Mtoto akishapata jibu moja hulipeleka kila mahali. Nikaanza kuitazama nyumba yetu. Baba analetewa chai kitandani. Mama anasukwa, anapashiwa maji, anasogezewa kandambili kwa mguu wa mtu mwingine. Mimi nafungwa vifungo. Nikakaa uani siku nzima nikilifikiria jambo hilo kwa hofu, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba na sisi tunaumwa.

Siku zile ndipo ilipokuja habari kwamba Sharifa amepata mchumba, na ndoa imepangwa kabla ya mfungo. Shangazi Somoe alimngoja Mama amalize kula, akakaa mkekani mbele yake.

"Wifi, nilikuwa naomba nikamuoze Sharifa. Nimeona niseme mapema, kwa ajili ya mvua."

Mama akafurahi kweli kweli, nakumbuka alipiga kigelegele. Kisha akasema, "Lakini Somoe, mbona unaomba ruhusa kama mfanyakazi? Wafanyakazi ndio wanaoomba likizo. Wewe ndugu, hapa kwako. Ngoja hawa wageni wangu wa Tanga waje waondoke, halafu unaenda zako. Nitawapokeaje peke yangu?"

"Wanakuja lini, wifi?"

"Si wiki hii, wiki ijayo. Una haraka gani? Wewe mama mzazi, watakungoja."

Nimeirudia sentensi ile ya likizo kichwani mwangu kwa miaka mingi, na kila nikiirudia inanichoma upya. Mfanyakazi angekuwa na siku yake ya mapumziko na mdomo wa kuidai. Mgeni angepikiwa. Ndugu, aliyekaribishwa kwa moyo wote na kupendwa na kila mtu, hakuwa na hata mlango wa kutokea.

Barabara ya kusini siku zile ilikuwa tope tupu. Mvua za masika zikianza, mabasi yalilala njiani Rufiji, abiria wakapika kando ya barabara. Shangazi Somoe alikuwa analijua hilo, na kila jioni akiwa anapiga pasi aliinua macho kuangalia mawingu. Alikuwa ameshanunua kanga za Sharifa, akazifunga kwenye mkoba pamoja na udi na kopo la halua, na ule mkoba ukawa umekaa mlangoni mwa chumba chake kama abiria. Wageni wa Tanga hawakuja wiki ile. Mama akasema, subiri kidogo.

Nikaamua kumsaidia kwa akili zangu. Wodini nilikuwa nimeona kwamba nesi humwacha mgonjwa akishapona. Kwa hiyo sisi tukipona, Shangazi ataenda Lindi. Nikaanza na mimi mwenyewe. Nilijiogesha, nikavaa gauni mbele nyuma, nikabeba kikombe changu mpaka uani bila kukidondosha. Asubuhi Baba alipoita chai, nikaenda chumbani kwake nikasimama mlangoni nikamwambia, "Baba, nenda kachukue mwenyewe, umeshapona." Alicheka mpaka akakohoa. Aliwasimulia watu dukani, nao wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimemaanisha nini, na chai akaletewa.

Kisha ikafika alasiri ile. Mkanda ulifika pahali ambapo mmoja wa wale wasichana wa aproni nyeupe anasimama mbele ya bibi wa jumba, mikono ameifumbata, anasema kitu kwa sauti ya chini. Mama Nisha akasimamisha deki.

"Mama yake amekufa kijijini. Anaomba aende kuzika."

"Ee, masikini," Mama akasema.

Ikaachiwa. Bibi wa jumba akajibu bila kuinua kichwa. Mama Nisha akasimamisha tena.

"Anasema haiwezekani. Wiki hii ana wageni."

Mama akapiga mapaja yake. "Mwanamke gani huyu! Hivi huyu kazaliwa na mtu kweli? Mwenzio kafiwa, wewe unamwambia wageni?" Machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli, akayafuta kwa upande wa kanga. Halafu, akiwa bado anayafuta, akaita, "Somoe! Chai imepoa hii, hebu tuongezee ya moto."

Shangazi Somoe alikuwa pale mlangoni. Alikuwa ameona yote na amesikia tafsiri yote. Akachukua birika.

Nikasimama juu ya kochi. "Mama, mimi nimepona," nikasema. "Na Baba kapona. Wewe bado unaumwa nini? Pona, Shangazi aende kwenye harusi."

Mama Nisha alinitazama, akamtazama Shangazi aliyesimama na birika, akamtazama Mama. Hakucheka. Alizima televisheni kabisa, si kusimamisha, kuzima, akasema polepole, "Dada yangu, mruhusu wifi yako aende. Kesho basi liko. Hao wageni nitakusaidia mimi kuwapikia."

Ingeishia hapo. Ninapofika hapa kwenye kumbukumbu hii natamani kuinuka niisukume kwa mabega. Mlango ulikuwa umefunguliwa, kilichobaki ni Mama kusema, "Haya." Lakini Mama alikuwa ameaibika mbele ya jirani, na akiaibika huwa anatafuta wa kumlaumu.

"Nani anamfundisha mtoto maneno haya?" akasema, naye anamtazama Shangazi. "Somoe, kama una jambo si uniambie mimi? Unamtuma mtoto aje anitukane mbele ya watu, kwamba mimi nimekuwa kama yule?" Akaonyesha televisheni iliyozimwa.

"Sikumtuma, wifi."

"Sikukukataza kwenda. Nilisema wageni wakiondoka. Au nilisema vingine?"

"Ulisema hivyo hivyo, wifi," Shangazi akajibu, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Mvua zilianza usiku wa siku ile ile. Jangwani pakajaa maji, magari hayapiti, Kariakoo ikanuka mitaro. Wageni wa Tanga wakatuma ujumbe kwamba hawaji tena, njia ni mbaya, wataangalia baada ya Idi. Mama akasema, "Basi Somoe, si uende sasa?" kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kubwa. Shangazi aliondoka asubuhi na mkoba wake kichwani. Mchana akarudi, kanga zimemgandama mwilini, mkoba umelowa. Mabasi ya kusini yalikuwa yamesimama. Alibadilisha nguo, akaanika zile kanga za Sharifa uani chini ya bati, akawasha jiko, maana ilikuwa karibu saa ya Baba kurudi kula.

Ijumaa ya ndoa nilikuwa naye uani. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na mimi nimechuchumaa karibu yake nikingoja machicha. Adhuhuri ikaadhiniwa, watu wakaingia msikitini, wakatoka. Shangazi akaacha kukuna. Akafuta mikono, akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akageuza uso upande wa kusini, ambako kulikuwa na ukuta wetu na choo, akapiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vya harusini hasa, na alivipiga peke yake.

"Somoe!" Mama akaita kutoka sebuleni, ambako sauti ya televisheni ilikuwa juu. "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, wifi," akajibu. Akakaa tena juu ya mbuzi, akashika kifuu.

Nilikuwa nimeogopa. Nikamuuliza kwa kunong'ona swali ambalo nilikuwa nalo muda wote. "Shangazi, kwani sisi tunaumwa nini?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka, kicheko kifupi tu. "Hamuumwi kitu, mwanangu," akasema. "Mngekuwa mnaumwa, mngepona."

Aliondoka baada ya Idi, barabara ilipopitika. Alikwenda chumbani kwa Mama alfajiri kumuaga, akabisha hodi mara moja, akamkuta amelala, akaacha. Aliniaga mimi. Nguo zote za nyumba ile alikuwa amezinyoosha na kuzipanga. Hakurudi tena, na tangu hapo Mama husimulia habari ile kwa namna moja tu: kwamba aliishi na wifi yake kama ndugu wa tumbo moja, na wifi akaondoka bila hata kuaga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba na mimi nazipenda tamthilia hizi. Ningependa kusema nazichukia. Nikitoka kazini nimechoka, nalala na simu usoni nikitazama meza inayopangwa kwa rula, vijiko vinavyong'arishwa, nguo zinazonyooshwa na mikono nisiyohitaji kuijua. Rafiki zangu tuliosoma pamoja wamefungua kundi zima la kuzijadili, wanaandika, "Jamani ningezaliwa enzi zile!" na hakuna hata mmoja anayejiona yuko chini jikoni akichota majivu. Wote tumezaliwa ghorofani. Tunamlilia mtumishi wa kwenye kioo kwa sababu yeye hatatuomba ruhusa. Nimejaribu kuwaandikia hilo. Wakanijibu kwa picha za kucheka.

Nyumba yetu ya zamani ilibomolewa, likapandishwa ghorofa, na Mama ana nyumba yake juu kabisa. Siku ile, kutoka kwa dobi, nilimkuta kwenye kochi, miguu kwenye stuli, imevimba kwa sukari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ngoja kwanza, inaisha sasa hivi."

Nilingoja. Kwenye kioo palikuwa na sinia, kengele, na msichana wa aproni nyeupe aliyekuwa analia ngazini. Mama naye alikuwa analia. Yalipokuja matangazo nikamwambia. "Mama, Shangazi Somoe amefariki. Wamemzika Lindi, jana."

"Innalillahi wainna ilaihi rajiun." Nilimkazia macho, na nasema kweli, nilikuwa namuombea kwa Mungu. Neno moja tu lingenitosha, hata lingekuwa nusu. "Masikini Somoe," akasema. "Alikuwa anajua kupiga pasi yule."

"Mama, hakumuona binti yake akiolewa."

"Si mvua zile? Mvua ni za Mungu. Na mbona Sharifa hakutuambia mapema, tukazike?"

"Ungeenda?"

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaitazama miguu yake juu ya stuli, na kikombe cha chai nilichokuwa nimeshamuwekea mkononi bila hata kujitambua. "Lindi? Na hali hii?" akasema. "Mimi mgonjwa, mwanangu."

"Najua, Mama," nikasema. "Tangu zamani."

Hakunisikia. Matangazo yalikuwa yameisha, na alikuwa ameshaongeza sauti.